Siku Kumi na Nne

Mwezi wa nne, tarehe tatu, saa mbili asubuhi,
baba alibonyeza *chai*
na kishikwambi kikamjibu kwa maandishi mekundu:
Leseni yako imefika mwisho.

Hakikusema chai.
Hakikusema wala *haina sukari*, sentensi
aliyoitunga mwenyewe, akaiweka kwenye kitufe cha kijani
kwa kumchokoza mama.

Mtu huyu alikuwa mpima wa chama cha msingi, Kitangari.
Miaka ishirini na sita kando ya mizani,
akizitaja kilo zikasikika hadi barabara ya Newala:
Sitini na mbili! Arobaini na tisa na nusu!
Mwenye kuficha mchanga ndani ya gunia
alianza kutokwa jasho akiwa bado kwenye foleni.
Kisha ugonjwa ukamwingia ulimini, polepole,
ukachukua kwanza r,
halafu l, halafu majina yetu,
mwisho ukabeba na kicheko.

Mtaalamu alitoka Mtwara mjini, akatufundisha vitufe.
"Mwaka wa kwanza bure," alisema.
Tulisikia bure. Mwaka hatukuusikia.

Sauti iliyomo si yake. Ya kijana fulani, laini,
kama msoma habari aliyeshiba,
na jina langu inalivunja: mimi Nang'uto,
yenyewe inaita Nan-guto,
mtu mwingine kabisa, labda wa Kilwa.
Nimeitika. Miezi kumi na miwili nimeitika.

Nikapiga simu. Bonyeza moja. Bonyeza nne. Subiri, kinanda.
Akapokea dada mpole, Eliaichi kwa jina.
"Kwa usalama wa akaunti, dada yangu,
nahitaji ridhaa ya mteja mwenyewe.
Kwa sauti yake."

Baba akaitazama simu
kama alivyokuwa akitazama gunia lenye mchanga.

"Sauti yake," nikasema, "ndiyo mliyoifunga."

Huko kwake nilisikia feni ikizunguka.
"Mfumo hauna kisanduku cha jibu hilo."

Mimi nina kibanda cha wakala. Mfumo naujua.
Nimewahi kumwambia bibi wa watu *mtandao unasumbua*
huku natafuna karanga. Sikumtukana.
Nikauliza bei. Akaitaja.
Nikaigeuza kuwa korosho, ndivyo tunavyohesabu huku:
gunia tatu na ushee, daraja la kwanza,
kabla ya makato.
Na huu mwezi wa nne! Mikorosho haina hata ua.
Aliyepanga tarehe ile hajawahi kupuliza salfa,
hajakopa unga akisema *mnada ukifunguliwa*.

Ndipo baba akanyoosha kidole, akagonga meza.
Ko.

"Nini hicho?"
"Ndiye mteja. Moja ndiyo, mbili hapana."

Kinanda hakikurudi. Akashusha sauti:
"Mzee, akaunti hii ni yako?"
Ko.
"Unayakubali masharti na vigezo?"
Baba akafikiri. Kurasa arobaini zile
nilimsomea mwaka jana, akalala ya sita.
Ko, ko.

Eliaichi alicheka, akaziba mdomo, nilisikia kiganja.
"Nitaandika: mteja amejibu.
Nakupeni siku kumi na nne za majaribio.
Zaidi ya hapo sina mamlaka."

Kishikwambi kikawaka. Tukasubiri chai.
Kidole kilizunguka herufi robo saa nzima,
na yule kijana aliyeshiba akatangaza uani:
*Mizani yao mbovu.*

Leo ni siku ya tisa.
Baba anakiacha kimezimwa mchana kutwa, sijui kwa ubahili
au kwa hasira, anatufundisha kugonga:
moja, mbili, tatu ni *njoo*,
nne ni jina langu. Nne zina ng' yake, nakuapia.
Mama anamimina chai bila kuulizwa.
"Ina sukari?"

Ko, ko.